Ufanisi katika viwanda vya kushona nguo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wenye viwanda, wasimamizi wa laini (safu ya washonaji wanaopokezana nguo moja mpaka iishe), wakufunzi na washonaji wenyewe, katika nchi zinazoendelea ambako kiwanda cha nguo mara nyingi ndicho kinachompa kijana mshahara wake wa kwanza. Nimekaa kwenye kazi hii miaka mingi, nikianza kama msimamizi wa laini kisha mpima muda, na majibu yangu yanatoka penye cherehani. Jambo moja utaliona linarudi mara kwa mara: mshonaji hachelewi, anacheleweshwa.

Ufanisi ni nini, na una tofauti gani na kasi?

Kasi ni mkono wa mtu mmoja. Ufanisi ni dakika zote ulizolipia kwa siku, na swali la ngapi kati ya hizo zimegeuka nguo nzuri ya kumpelekea mnunuzi. Mshonaji anaweza kuwa na mikono myepesi ajabu na kiwanda kikawa hoi, kwa sababu anashona dakika ishirini na kusubiri kumi. Nguo iliyoshonwa upesi ikafumuliwa imekula dakika zako mara tatu: ya kushona, ya kufumua, na ya kushona tena.

Unapimwaje?

Chukua idadi ya nguo nzuri zilizotoka, zidisha na dakika za kiwango za nguo moja, yaani muda ambao nguo hiyo inapaswa kuchukua, kisha gawanya kwa dakika zote za watu waliokuwepo kazini. Tuseme laini ina watu 40 wanaofanya kazi dakika 480 kila mmoja. Hizo ni dakika 19,200. Shati unaloshona lina dakika za kiwango 16, na siku hiyo yametoka mashati 480. Zidisha 480 kwa 16, unapata 7,680. Ufanisi wako ni asilimia 40.

Laini hiyo hiyo, kwa watu hao hao na saa hizo hizo, ikipanda hadi asilimia 50 itatoa mashati 600. Mashati 120 ya ziada kwa siku, na mshahara na kodi ya jengo havikuongezeka.

Tahadhari moja. Wapo wanaohesabu washonaji peke yao na kuwaacha wasaidizi, wakaguzi na wapiga pasi, ili asilimia ionekane nzuri. Ukilinganisha kiwanda chako na kingine, uliza kwanza nani amehesabiwa.

Dakika za kiwango zinatoka wapi?

Zinatoka kwenye kupima kazi yenyewe. Unasimama nyuma ya mshonaji na saa ya sekunde, unapima duru kumi au zaidi za kazi ileile, unapata wastani. Kisha unakadiria mwendo wake: je, ni wa kawaida, wa haraka, au wa mtu anayejifunza? Halafu unaongeza posho ya kupumzika, kwenda msalani, na uzi kukatika.

Kwa mfano, wastani ni sekunde 42 na unaona mwendo ni asilimia 90 ya kawaida. Hapo unapata sekunde 37.8. Ongeza posho ya asilimia 15, inakuwa kama sekunde 43.5, yaani dakika 0.72. Iko pia njia ya kujumlisha mienendo midogo ya mkono iliyokwisha kupimwa, na zipo programu za kufanya hivyo. Njia hiyo ni nzuri unapotaka kupanga bei kabla hata nguo haijaanza kushonwa.

Ninachosisitiza ni kumwambia mshonaji unachofanya kabla ya kubonyeza saa. Mtu akisimamiwa mgongoni bila maelezo anaogopa, na mwenye hofu hashoni kama kawaida yake. Ama atakimbia, ama atapunguza mwendo kusudi ili tageti, idadi anayotakiwa kufikisha, isipande. Vyovyote vile, namba uliyopata ni ya uongo. Usimkasirikie kwa hilo. Pengine mara ya mwisho alipokimbia, tageti ilipandishwa na mshahara ukabaki palepale.

Washonaji wetu wanajituma, mbona tuko chini ya asilimia 40?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko mengine yote. Siku moja, katika kiwanda kimoja cha mashati, nilimkuta msimamizi akimfokea mama aliyekuwa akiunga kola. "Dada, tageti! Tageti iko wapi?" Mama hakubisha. Alinyoosha mkono kwenye meza yake iliyokuwa tupu, akaniambia mimi, "Bosi, kola zenyewe ziko wapi?"

Nikavuta kigoda nikakaa kando yake saa nzima nikiandika kila dakika. Alishona dakika 31. Dakika 12 alisubiri fungu, vipande vilivyofungwa pamoja, kutoka kwa mtu wa nyuma yake. Dakika 8 alifumua na kurudia kola ambazo zilikuja na ncha mbili zisizolingana. Dakika 5 zilikwenda kwenye uzi uliokuwa unakatika. Dakika 4 zilizobaki alikuwa anatafuta mkasi, kwani mkasi ulikuwa mmoja kwa watu watatu, umefungwa kwa kamba kwenye cherehani ya jirani.

Hebu zigawe dakika hizo 29. Kusubiri fungu ni jambo la msimamizi na mpangilio wa laini. Kola mbovu ni jambo la meza ya kukatia na mtu aliyepiga ncha. Uzi ni jambo la fundi wa mashine au la aliyenunua uzi wa bei ya chini. Mkasi ni jambo la stoo. Hakuna hata dakika moja kati ya hizo ambayo mama yule angeweza kuiokoa kwa kuongeza mwendo, na bado ndiye aliyefokewa. Tukanunua mikasi. Asubuhi iliyofuata niliona watu wakiishika kama zawadi, na niliona aibu kwamba tulikuwa tumekaa miaka bila kuinunua.

Kwa hiyo kabla hujasema watu wako ni wavivu, kaa saa moja na mmoja wao. Usikae na aliye bora wala na aliye nyuma kabisa. Chagua yeyote wa katikati.

Sina fedha za mashine mpya. Nianzie wapi?

Anza na kuhakikisha kazi ipo mezani kabla saa ya kuanza haijagonga. Laini nyingi hupoteza nusu saa ya kwanza kwa sababu mafungu hayajaletwa, au lebo ziko stoo na mwenye ufunguo hajafika. Kazi ya kesho ipangwe leo jioni.

Kisha matengenezo. Sindano ibadilishwe kwa ratiba, si mpaka ivunjike, maana iliyopinda kidogo huruka mishono kwa saa nzima kabla haijavunjika. Kila mshonaji asafishe cherehani yake na kuangalia mafuta kabla ya kuanza. Dakika tano zinatosha. Bobini zijazwe pembeni, si na mshonaji mwenyewe wakati mashine yake imesimama.

Halafu angalia mikono. Katika duru moja ya kushona, sindano inazunguka kwa sehemu ndogo tu ya muda. Sehemu kubwa mshonaji anachukua kipande, anakilinganisha, anakigeuza, anakata uzi, anakiweka kando. Ukipandisha mwendo wa mota hujagusa hata kidogo sehemu hiyo kubwa. Lakini ukisogeza boksi la vipande likawa upande wa mkono anaotumia, kwa kimo cha meza badala ya sakafuni, umeokoa sekunde mbili au tatu kila duru, mara mamia kwa siku, na umeuokoa mgongo wake.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu viwanda vya kufuma vitambaa karibu na Mumbai, India, ulionyesha kwamba viwanda vilivyofundishwa uongozi wa kawaida kabisa wa kiwanda, kama kuweka rekodi za ubora, kupanga stoo na kutunza mashine kwa ratiba, viliongeza tija kwa asilimia 17 katika mwaka wa kwanza. Kufuma si kushona, lakini nimeona mambo hayohayo yakizaa matunda hayohayo kwenye laini za mashati.

Kusawazisha laini maana yake nini?

Ni kugawa kazi ili kila mtu awe na mzigo unaokaribiana na wa mwenzake, kwa sababu laini haitoi nguo kwa mwendo wa aliye mwepesi, inatoa kwa mwendo wa pale panapoziba.

Chukua suruali na kazi tatu zinazofuatana. Mfuko wa nyuma unachukua sekunde 50, kuunga pembeni sekunde 40, zipu sekunde 75. Kwa saa moja wa mfuko anaweza kutoa 72, wa pembeni 90, wa zipu 48. Laini inatoa 48. Ukimsukuma wa pembeni mpaka afike 100, unachopata ni rundo la suruali mbele ya mtu wa zipu, ambazo zitakunjamana, zitaanguka chini, na nyingine zitachanganyika saizi.

Sasa tazama mtu wa zipu anafanya nini ndani ya sekunde zile 75. Labda 12 kati yake ni za kukata zipu kwa urefu na kuipanga. Kazi hiyo mpe wa pembeni. Zipu inabaki sekunde 63, pembeni inakuwa 52. Laini sasa inatoa 57 kwa saa, na hujaajiri mtu wala kununua kitu.

Kila laini pia inahitaji viraka, watu wawili au watatu wanaojua kazi nyingi na wanaoweza kukaa popote. Mtu akiugua au akienda kumpeleka mtoto hospitali, kiraka anaingia na laini haisimami. Walipe zaidi. Nimeona viwanda vikiwageuza viraka kuwa watu wa kutumwa huku na kule bila nyongeza yoyote, kisha vikashangaa kwa nini hakuna anayetaka kujifunza mashine ya pili.

Mafungu yawe makubwa au madogo?

Madogo. Niliwahi kuamini kinyume chake. Nilipandisha mafungu kutoka vipande 20 hadi 50 ili wasaidizi wapunguze safari. Safari zilipungua kweli. Lakini wiki hiyohiyo mashine moja ya ovaloki, ile ya kuziba kingo za kitambaa, ilikaza uzi kupita kiasi, mishono ikawa inakatika ukivuta nguo. Kosa lilionekana kwa mkaguzi wa mwisho, na kati yake na ile mashine kulikuwa na mafungu manne yanasubiri. Nguo 200 zilirudi kufumuliwa. Kwa mafungu ya 20 zingekuwa 80, kwa mafungu ya 10 zingekuwa 40.

Fungu kubwa linaficha kosa na linafunga fedha kwenye nguo ambazo hazijaisha. Wengine huenda mbali zaidi na kupitisha kipande kimoja kimoja kutoka mkono hadi mkono. Inawezekana, na kosa huonekana papo hapo, ila inataka laini iliyosawazishwa vizuri na watu wanaojua kazi zaidi ya moja. Usiikimbilie. Shuka polepole, ukitatua kila tatizo linalojitokeza.

Je, upotevu wa kitambaa nao ni suala la ufanisi?

Ndiyo, na mara nyingi ni mkubwa kuliko wote. Kwa nguo nyingi kitambaa ni zaidi ya nusu ya gharama, huku watu wakibishana usiku na mchana juu ya gharama ya kushona. Oda ya mashati 10,000 yanayokula mita moja na nusu kila moja inahitaji mita 15,000. Okoa asilimia moja tu, una mita 150, ambazo ni mashati 100.

Nenda pale kitambaa kinapotandikwa tabaka juu ya tabaka kabla ya kukatwa. Kama mtandikaji anaacha sentimita tatu za ziada kila upande "kwa usalama", hizo ni sita kwa kila tabaka. Matabaka 80 ni mita 4.8. Mashati matatu yamekwenda kwenye mfuko wa vitambaa chakavu kwa tandiko moja, na siku ina matandiko mengi. Mtandikaji hana kosa kama aliwahi kukatwa mshahara kwa tabaka lililopungua: amejifunza kujilinda. Mpe alama kwenye meza na mwisho ulionyooka, ataacha.

Kitambaa kikaguliwe kabla hakijakatwa. Njia ya pointi nne inajulikana kote: kasoro ya hadi inchi 3 ni pointi moja, hadi inchi 6 ni mbili, hadi inchi 9 ni tatu, zaidi ya hapo ni nne. Wanunuzi wengi wanakubali hadi pointi 40 kwa kila yadi 100 za mraba. Na kitambaa cha kunyumbuka, kama cha fulana, kifunguliwe kwenye roli na kuachwa kipumzike kabla ya kukatwa. Kikikatwa kikiwa bado kimevutika, kitajirudi baadaye, na fulana ya saizi ya kati itatoka kwenye pasi ikiwa ndogo. Hapo atalaumiwa mshonaji.

Kuongeza wakaguzi kutainua ubora?

Mkaguzi wa mwisho hashoni, anahesabu tu makosa ambayo umekwisha kuyalipia. Weka ukaguzi ndani ya laini, hasa baada ya kazi ngumu kama kola, zipu na mikono, na mpe kila mshonaji haki ya kurudisha kipande kibovu kwa aliyekileta. Akikirudisha asigombezwe kwa kuchelewesha.

Ujue pia mnunuzi anavyokagua. Kwa utaratibu wa sampuli unaotumika sana, oda ya nguo 3,000 huchukuliwa sampuli ya nguo 125. Kwa kiwango cha makosa kinachokubalika (AQL) cha 2.5, makosa makubwa 7 yanapita. Likipatikana la 8, mzigo wote unakataliwa. Fikiria hilo: nguo 3,000, kazi ya siku kadhaa, zinaamuliwa na kosa moja la ziada. Ufa wa mashine moja usipozibwa Jumatatu, ukuta unajengwa Ijumaa, watu wakilala kiwandani wakikagua upya boksi moja moja.

Kila tukibadilisha mtindo tunaanguka. Tufanye nini?

Kuanguka ni kawaida, mikono inajifunza upya. Tatizo ni muda wa kuinuka. Laini inayoweza mashati 480 kwa siku ikipewa oda ya 3,000 itaimaliza kwa siku sita au saba. Kama siku nne za kwanza ni za kujifunza, umeifanya oda nzima ukiwa mwanafunzi. Ndiyo maana oda ndogo na mitindo mingi huumiza viwanda vyenye mazoea ya oda kubwa.

Mhandisi Mjapani Shigeo Shingo alifundisha kutenganisha kazi zinazolazimu mashine isimame na zile zinazoweza kufanyika mashine ikiwa bado inafanya kazi. Tumia wazo hilo. Vishikizo, sindano, uzi wa rangi mpya, sampuli iliyoshonwa na kubandikwa hatua kwa hatua, vyote viwe tayari wakati mtindo wa zamani bado unaisha. Fundi wa mashine apewe orodha siku mbili kabla. Washonaji wa kazi ngumu wajaribu vipande vichache mapema, pembeni. Na badilisha laini kuanzia mwanzo wake kwenda mwisho: mtu wa kwanza akimaliza kipande cha mwisho cha mtindo wa zamani, anaanza mpya palepale, asisubiri laini nzima iishe.

Tulipe kwa kipande au kwa mwezi?

Malipo kwa kipande pekee yanazaa kasi na kuua ubora, na siku kazi haikuja mezani mshonaji anakosa hela kwa kosa ambalo si lake. Mshahara wa mwezi bila kitu juu yake nao hauonyeshi kwamba juhudi imeonekana. Napendelea mshahara wa uhakika, kisha bonasi ya laini nzima inayotolewa kwa nguo nzuri tu, na hesabu yake iwe rahisi kiasi kwamba mshonaji anaweza kuikokotoa mwenyewe kwenye simu yake kabla ya kwenda nyumbani. Dakika za kusubiri zisizo kosa lao ziondolewe kwenye hesabu hiyo.

Ovataimu je, si ndiyo njia rahisi ya kufikisha oda?

Ni njia ya haraka, lakini unakopa. Saa ya kumi na moja ya kazi mikono imechoka, makosa yanaongezeka, na kesho asubuhi watu wanaanza wakiwa na deni la usingizi. Mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1919, uliweka saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki viwandani. Zaidi ya miaka mia moja baadaye bado kuna viwanda vinavyopanga oda vikihesabu ovataimu tangu siku ya kwanza. Kama kila oda inahitaji ovataimu, ratiba yako ina kosa, nenda kaitazame.

Mishahara yetu ni ya chini. Huo si ndio ushindani wetu?

Hapana, na mfano upo. Kongani ya viwanda ya Hawassa, Ethiopia, ilifunguliwa mwaka 2016 kwa matumaini makubwa. Ripoti ya mwaka 2019 ya kituo cha biashara na haki za binadamu cha Chuo Kikuu cha New York ilieleza mshahara wa kuanzia wa kama dola 26 kwa mwezi, kiwango cha chini kuliko nchi nyingine zinazouza nguo. Wafanyakazi, wengi wao wasichana kutoka vijijini, hawakuweza kuishi kwa fedha hiyo. Waliacha kazi kwa wingi kiasi kwamba katika miezi 12 ya kwanza viwanda vilikuwa kama vimebadilisha watu wote.

Piga hesabu ya mshonaji mmoja anayeondoka. Wiki za kufundishwa, nguo alizoharibu akijifunza, muda wa msimamizi, nafasi iliyobaki wazi mpaka apatikane mwingine, kisha mwingine anaanza mwanzo. Mshahara mdogo kwa dakika zisizozaa ni ghali kuliko mshahara wa heshima kwa dakika zinazozaa. Usafiri, chumba cha kulala kilicho salama, msimamizi asiyetukana, mahali pa kumwachia mtoto: hivi vinamshika mtu kazini.

Na ujuzi unaosambaa si hasara kwa nchi. Mwaka 1979 kampuni ya Desh ya Bangladesh ilishirikiana na Daewoo ya Korea Kusini, na wafanyakazi 130 wakapelekwa Korea kujifunza. Wengi wao baadaye walitoka wakaanzisha au kuongoza viwanda vingine. Desh iliwapoteza, lakini Bangladesh leo ni miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa wa nguo duniani.

Joto na hewa vina uhusiano na ufanisi?

Vina uhusiano wa moja kwa moja. Watafiti waliofuatilia viwanda vya nguo karibu na Bengaluru, India, waligundua kwamba kubadilisha taa za zamani na kuweka za LED, ambazo hazitoi joto jingi, kuliinua tija ya washonaji siku za joto, mbali na umeme uliookolewa. Mwenye kiwanda alikuwa ananunua taa, akapata nguo. Fungua madirisha, weka feni za kutoa hewa, maji ya kunywa yawe karibu, na usimhesabie mtu safari za msalani. Asiyekunywa maji kwa kuogopa msala ataanguka saa nane mchana.

Programu za kompyuta na mashine zinazojiendesha zitatuokoa?

Baadhi zinasaidia sana: kukata uzi zenyewe, kuweka vifungo, kuchora mpangilio wa kukatia. Lakini kuunganisha kitambaa laini bado kunataka mikono, kwani kitambaa kinateleza na kujikunja. Kuhusu programu za kufuatilia laini, ubao na chaki vinavyojazwa kila saa vinatosha kwa kuanzia, ilimradi ubao usiishie kwenye namba. Pembeni ya namba iandikwe sababu: "saa 4, nguo 41, zipu zimeisha". Kiwanda kisichoweza kusoma ubao huo na kuchukua hatua hakitasoma kioo cha kompyuta.

Umeme ukikatika?

Pangilia kazi za mkono, kama kukata nyuzi, kukagua, kukunja na kupanga mafungu, ziwe akiba ya saa hizo. Jenereta ielekezwe kwanza kwenye zile mashine zinazoziba laini, na usizihesabu dakika hizo dhidi ya washonaji.

Tukifanikiwa, si mnunuzi atashusha tu bei?

Atajaribu. Tangu mfumo wa kuiwekea kila nchi kiasi maalumu cha nguo inachoruhusiwa kuuza nje ulipofutwa tarehe 1 Januari 2005, wanunuzi wanaweza kuhamisha oda popote, na shinikizo la bei limekuwa kubwa. Ukijua dakika zako kwa hakika, unaweza kukaa naye mezani ukamwonyesha nguo hii ina dakika ngapi na dakika moja inakugharimu kiasi gani, pamoja na mshahara wa kuishi. Asiyejua dakika zake hukubali bei yoyote, kisha hutafuta tofauti hiyo kwa watu wake.

Tunajua hilo linaishia wapi. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza huko Savar, Bangladesh, liliporomoka na kuua zaidi ya watu 1,100. Nyufa zilionekana siku moja kabla. Washonaji waliambiwa waingie kazini. Siwezi kuandika juu ya ufanisi bila kulitaja jengo hilo, na yeyote anayesukuma laini apate nguo nyingi zaidi anapaswa kwanza kutazama milango ya dharura, ngazi na kuta.

Itachukua muda gani kuona mabadiliko?

Kazi ikiwa mezani asubuhi na mikasi ikitosha, utaona wiki ya kwanza. Kusawazisha laini moja huchukua mwezi au zaidi. Kufundisha viraka ni miezi. Anza na laini moja tu, yenye msimamizi anayekubali kusahihishwa, na usiibadilishie watu kila siku.

Kabla hujapima hata dakika moja, waite watu wa laini hiyo, waambie kwamba hakuna atakayepunguzwa kazi kwa sababu laini imekuwa bora, na kwamba sehemu ya faida itarudi kwao kwa kiwango utakachokitaja. Kisha kiandike kiwango hicho ubaoni, juu ya tageti, na usikifute.